Shangazi na Mikia ya Kipolandi

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, kinatazama barabara, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata wale ambao hajawahi kuwashonea kitu. Babu alipofariki, yeye akiwa bado msichana mdogo, alitolewa shule akakalishwa kwenye cherehani ya mguu, na hapo ndipo alipokulia. Kwa cherehani hiyo alimsomesha mwanawe wa pekee mpaka chuo kikuu. Kijana akapata kazi Polandi, akaoa huko huko, akazaa binti mwenye alama nyeusi shavuni. Sisi huku tukambatiza Kidoti.

Kasoro ilikuwa moja: Kidoti alijua Kipolandi tu. Baba yake alirudi kazini amechoka, akaona rahisi kuongea lugha ambayo nyumba nzima inaielewa. Kila Jumapili walipopiga simu ya video, bibi na mjukuu walitazamana kama watu waliokutana kwenye benchi la hospitali. Kidoti angesimulia jambo refu, kwa mikono na kwa macho, shangazi aulize, "Anasemaje?" na mwanawe ajibu, "Ah, mambo ya kitoto tu, mama."

"Hayo ya kitoto ndiyo ninayoyataka," shangazi aliniambia siku moja simu ilipokatika. "Ya kikubwa nimeshayachoka."

Haukupita muda akasikia kuna darasa la Kipolandi Jumamosi asubuhi, ghorofani, juu ya duka la dawa. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu aliyesomea ujenzi wa barabara Polandi enzi za ujana wake, na wote walimwita Injinia. Wanafunzi walikuwa vijana watupu, wengine wanataka kwenda kusoma, wengine kuendesha malori. Shangazi alikaa kiti cha mbele, miwani puani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni kwa mazoea. Mimi nilibaki kwenye chumba chake cha kazi nikipokea wateja, maana ndiye aliyenifundisha kazi.

Maneno aliyashika haraka. Babcia ni bibi. Wnuczka ni mjukuu wa kike. Kocha ni anapenda. Akayaunga kama anavyounga vipande vya gauni, na Jumapili ilipofika akajisogeza kwenye simu, akatamka taratibu: "Babcia kocha wnuczka."

Kidoti akakunja uso, akamuuliza baba yake kitu, na baba akaangua kicheko.

"Mama, umemwambia bibi anampenda mjukuu wa kiume. Sasa anataka kujua huyo mvulana ni nani."

Shangazi naye alicheka, maana angefanyaje. Lakini Kidoti alikuwa ameshaondoka na donge lake, na simu ilipozimwa shangazi alikaa mbele ya cherehani muda mrefu bila kukanyaga.

"Nimezeeka mimi," akasema. "Kichwa kimeshajaa vipimo vya watu."

Nilidhani ndiyo basi. Kumbe Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika, akampelekea Injinia kesi yake kabla hajashika chaki. Aliporudi alinisimulia yote, na kwa jinsi alivyosimulia ni kana kwamba nami nilikuwa darasani.

"Mama," Injinia alimwambia, "sisi kwenye Kiswahili tunalibadilisha neno kichwani. Mtoto, watoto. Ninashona, unashona, anashona. Wapolandi wanalibadilisha mkiani. Szyję, ninashona. Szyjesz, unashona. Kichwa kile kile, mkia mwingine."

"Na mjukuu wangu alikosewa wapi?"

"Mkiani. Mjukuu wa kike akiwa yeye ndiye anayefanya jambo, ni wnuczka. Akifanyiwa, akipendwa, akibebwa, a inaondoka, anakuwa wnuczkę. Mkia huo sikioni utausikia kama e. Sasa, mjukuu wa kiume ni wnuczek, na yeye akipendwa ndiyo anaishia na a. Ndiyo maana ukapata mvulana."

Shangazi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ni pindo. Kitambaa ni kile kile, ila unakipinda kulingana na kazi ya nguo."

"Hasa. Ni pindo."

Kisha Injinia akaandika ubaoni sentensi mbili. Mama kocha córkę. Córkę kocha mama. Akauliza darasa ni ipi inayosema kwamba mama anampenda binti. Wote wakachagua ya kwanza, na ya pili wakasema ni binti anayempenda mama.

"Mnasoma kama Waswahili," akawaambia. "Kwetu ukisema paka amemla panya, kisha ukawabadilishia nafasi, aliyeliwa ni mwingine. Hawa hawategemei nafasi. Tazameni mikia."

Shangazi akatazama. Mama ana a pote pawili. Binti ana ę pote pawili. Hata uwapange vipi, anayependa ni mama.

"Kama maana ni ile ile, wanapindua ya nini?"

"Kinachokaa mwisho ndiyo habari yenyewe. Mtu akikuuliza mama anampenda nani, unamalizia na binti. Akikuuliza ni nani anayempenda binti, unamalizia na mama."

Toka siku hiyo chumba cha kazi kiligeuka darasa. Akishika sindano anasema igła. Akinituma sindano, igłę. Akishona kwa sindano, igłą. Mimi nami, nikiwa nakata na kupiga pasi, yakaniingia mawili matatu. Alimpima kiuno mteja huku akinong'ona mikia, mpaka mama mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kama Fundi yuko sawa, au ni dawa anamsomea. Alikosea sana. Kuna majuma alirudi kutoka darasani amenuna, akaapa haendi tena, na Jumamosi nyingine huyo, ameshaoga.

Wakati wa likizo walikuja wote, mwanawe, mkwe na Kidoti. Mtoto alijificha nyuma ya mama yake, na shangazi alipomsalimia kwa Kipolandi alijibu neno moja akarudi mafichoni. Akiwa na wazazi aliongea kama mvua juu ya bati, shangazi akaambulia matone. Aliniambia jikoni kwamba darasani watu huongea polepole, na hilo hakuna aliyemwonya. Lakini alimshonea mwanasesere wa Kidoti gauni lenye mfuko mbele, na mtoto akaanza kusogea, kidogo kidogo, mpaka kwenye mguu wa cherehani.

Siku moja wazazi walikwenda mjini kushughulikia tiketi, wakatuachia mtoto. Mlango wa bafu la shangazi una kitasa kinachojifunga chenyewe, na upande wa ndani mkono wake ulishakatika, kwa hiyo ufunguo hukaa nje kwenye tundu muda wote. Kidoti aliukuta mlango wazi akaingia kunawa mikono, upepo ukaubamiza. Tukasikia kilio. Nikakimbia, nikakuta tundu tupu. Ufunguo haupo.

Nilitafuta sakafuni, nikatafuta chini ya mkeka, huku mtoto akipiga mlango kwa viganja. Nikachukua nyundo.

"Weka chini," shangazi akasema. "Mtoto ameegemea hapo hapo."

Akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na tundu, akamsemesha kwa sauti ile ya kumtuliza mtoto anayechomwa sindano. Kisha akauliza ufunguo uko wapi: "Gdzie jest klucz?"

Kwa kwikwi, sauti ndogo ikajibu, "Klucz ma lalka."

Klucz nililijua, ni ufunguo. Ma ni kuwa na kitu. Lalka ni mwanasesere. "Ufunguo una mwanasesere?" nikasema. "Maskini, amechanganyikiwa."

Shangazi akaninyamazisha kwa kidole. Nilimwona midomo ikicheza, kama anapohesabu mishono.

"Hakusema lalkę," akasema. "Amesema lalka. Mwanasesere ndiye mwenye ufunguo." Akarudi kwenye tundu. "Gdzie jest lalka?"

"Lalkę ma babcia."

Mimi hapo nilisikia kwamba mwanasesere ana bibi, nikakata tamaa kabisa. Shangazi alikuwa ameshasimama.

"Sasa mkia umegeuka," akasema. "Mwanasesere ninaye mimi."

Ni kweli. Asubuhi Kidoti alimletea yule mwanasesere amshonee mkono wa gauni uliofumuka, naye akamweka chini ya rundo la vitambaa, akasahau. Tukafukua vitambaa. Shangazi akaingiza vidole kwenye ule mfuko wa mbele, akatoka na ufunguo wa bafu.

Mlango ulipofunguka, Kidoti hakunitazama hata kidogo. Alimrukia bibi yake shingoni, na maneno yakamwagika: kwamba alikuwa anacheza nyumba, kwamba mwanasesere ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba lazima awe na ufunguo, na upepo ni mbaya, na bafuni kuna buibui. Shangazi alimjibu kila moja. Uso wake sijauona vile hata siku mwanawe alipomaliza chuo.

Wazazi waliporudi, Kidoti alimsimulia baba yake kwa pumzi moja, naye, kwa mazoea, akamgeukia mama yake, "Mama, anasema kwamba..."

"Usinitafsirie," shangazi akamkata. "Nilikuwepo."

Mkwe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, alielewa kutokana na sura zetu. Alikuja akamshika shangazi mikono yote miwili, wakakaa kwenye kochi wakizungumza wenyewe, mikia ya shangazi mingine sawa, mingine imeungwa ovyo, na hakuna aliyejali.

Kesho yake asubuhi nilipofika kazini nilikuta ugomvi. Kidoti anataka kutoka na viatu vya kuchezea, vile vya kitambaa, na nje kuna matope. Bibi anasema haiwezekani. Mtoto amepiga mguu chini, anatoa hoja. Bibi ana sindano mdomoni, anatoa hoja zake. Mtoto akamsahihisha mkia, bibi akaurudia ipasavyo na kuendelea kumgombeza kwa huo huo. Chai ilipoa mezani. Mwisho Kidoti alikaa chini, akavaa viatu vya ngozi, na shangazi akaichukua chai yake baridi akainywa yote.