Mkono wa Bibi Gatini

Duka letu liko Al Rigga, huku ughaibuni, kati ya mkahawa wa biriani na duka la manukato. Kazi yangu ni kuhamisha filamu za zamani kwenye kompyuta: harusi za watu, sikukuu za watu, wazee wa watu. Mama yangu mwenyewe alikuwa amefariki Mombasa mwezi uliopita, akazikwa siku ileile kabla sijapata hata tiketi. Tangu hapo nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikula, nililala, nilipanda treni ya metro. Watu wa kwetu wakinipa pole niliwajibu kwamba alhamdulillahi, mama aliniaga. Nilikuwa na hilo tu, na nililishikilia kweli kweli.

Aliniaga kwa simu ya video. Dada yangu ndiye aliyekuwa ameishika simu kando ya kitanda. Mtandao ulikuwa mbovu, sauti ikapotea, picha ikabaki. Mama akainua mkono, kiganja kikitazama chini, akakunja vidole mara mbili tatu. Mapumziko yangu ya kazini yalikuwa yanaisha, nilikuwa nikingoja kwaheri, nikaiona.

Basi akaja madam mmoja mzee, Mzungu anayeishi kwa mwanawe mtaa wa Silicon Oasis, na kopo la biskuti lililojaa mikanda ya filamu. Baba yake aliipiga kabla ya vita vikuu, alipohamia Amerika kwa meli ya abiria, yeye madam akiwa hajazaliwa. Karatasi za maelezo zilikuwa zimebanduka zote. Aliniomba niipange safari mwanzo hadi mwisho kwa akili yangu, kisha tuitazame pamoja.

Filamu yenyewe haina sauti. Wanaume wanatembea sitahani wameshika kofia zao zisipeperuke. Wanawake wamejifunika mablanketi kwenye viti vya kulalia. Bakuli la supu linateleza mezani na mtu analidaka, anacheka. Kisha bahari, bahari, na bahari tena. Baba wa watu alipenda maji kupita kiasi. Niliyatazama yote kama mtu anayetazama nguo zikizunguka kwenye mashine ya kufulia.

Kipande kimoja kilimwonyesha bibi mwenye koti jeusi amesimama gatini, akimtazama mpiga picha aliye juu melini. Meli imefungwa kamba, huwezi kujua kama inafika au inaondoka. Bibi anainua mkono, kiganja chini, anakunja vidole. Sikufikiri mara mbili. Nilikiweka mwisho kabisa: wamefika, mwenyeji wao anawaita washuke.

Madam alitazama filamu yote. Ilipoisha aliniambia, kwa upole, kwamba nimekosea. Yule ni nyanya yake, mama wa baba yake, na kipande chake ni cha mwanzo. Yeye alibaki Ulaya. Vita vikaja, na mwanawe hakumwona tena.

"Anawaaga," alisema.

"Kwetu, madam, huyu anaita," nikamjibu. "Mkono ukiwa hivi, ni njoo."

Aliinua mkono wake akaujaribu, akautazama kana kwamba si wake. Akauliza kama nina hakika. Nilimwambia kwetu hata mtoto anayetambaa anajua: ukifanyiwa hivyo, unakwenda.

Nikayasikia niliyoyasema. Ganzi ikanitoka palepale, na nilichohisi kilikuwa uchungu mtupu, wa kifuani, hata nikashika ukingo wa meza. Madam akaniuliza kama niko salama. Nikasema niko salama. Nilikihamisha kile kipande mwanzoni kama alivyotaka, na ili kukihamisha ilinibidi nikitazame tena, vidole vikikunjwa na kukunjuliwa.

Mama alikuwa ananiita. Nami nilimpungia mkono, nikakata simu, nikarudi kazini.