Majibu Niliyomwandikia Kwenye Bendeji

Mdogo wangu alishinda nusu fainali, akarudi chumba cha kubadilishia nguo, akakaa, akaniuliza:

"Broo, tunaingia saa ngapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananizingua.

"Acha utani, Delano. Si umeshamlaza mtu?"

"Nani?"

Pambano lote lilikuwa limefutika kichwani mwake.

Ilikuwa Zaandam, Uholanzi, Jumapili mchana, mashindano ya ubingwa wa kickboxing, ngumi na mateke. Wapiganaji wanne, ukishinda mara mbili siku hiyohiyo mkanda ni wako. Mimi ndiye kocha wake tangu ana miaka tisa. Mama yetu alikuwa jukwaani, kavaa fulana yenye sura ya Delano.

Huko nje watu elfu tatu wanapiga miguu sakafuni, wanaimba jina lake. Kama hujawahi kusikia ukumbi mzima ukimwita ndugu yako, usinihukumu haraka.

Au nihukumu tu. Nimeshazoea.

Kabla ya fainali lazima daktari akupime. Maswali yake tunayajua wote: leo siku gani, tuko wapi, pambano lililopita limeishaje.

Nikachukua kalamu tunayosainia bendeji za mikono. Nikaandika kwenye bendeji ya kifundo cha mkono wake, upande wa ndani: JUMAPILI. ZAANDAM. UMESHINDA, RAUNDI YA PILI, KWA TEKE.

"Akikuuliza, chungulia hapa."

"Kwani nina nini, broo?"

"Huna kitu. Umechoka tu."

Daktari Hiske akaja, akavuta kiti.

"Delano, leo siku gani?"

Dogo akajifanya anajikuna kifundo. "Jumapili."

Akajibu yote. Daktari akanigeukia.

"Wewe ndiye kaka yake. Unamwona yuko sawa?"

"Yuko fiti kabisa, daktari."

Sikupepesa hata jicho.

Jamani, fainali ile! Alipigwa kichwani raundi zote tatu na hakuanguka. Alikuwa anarudisha ngumi kwa mazoea tu, mwenyewe hayupo. Taulo lilikuwa begani kwangu. Ningelirusha ulingoni, basi, refa anasimamisha pambano. Lakini kila akipepesuka na kusimama, ukumbi ulikuwa unalipuka, na mimi nalipuka nao.

Tukapewa mkanda kwa pointi.

Mwaka wa nne huu. Mkanda uko ukutani, na Delano anauliza ni wa nani. Viatu namfunga mimi. Mama haongei na mimi, anampikia bami yake, zile tambi za kukaanga, anaondoka. Hospitali walishatuambia wazi: hapo alipo ndipo alipofika, kurudi hakuna.

Mashabiki bado wananisimamisha sokoni.

"Kocha! Ile fainali ilikuwa moto! Dogo chuma!"

"Asante," nawajibu.

Jana kachukua simu yangu, akaikuta video yenyewe. Hakujijua. Akaangalia mpaka raundi ya tatu, halafu akaanza kuhangaika.

"Broo, huyu wa bukta nyekundu kashaumia. Mwone macho. Wamtoe!"

Nikanyoosha mkono niichukue simu, akaikwepesha.

"Kwani kwenye kona yake hana ndugu?"

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikalia mpaka jirani akafungua mlango.

Wewe unayekaa kwenye kona ya mtu, nakuomba kitu kimoja. Usiusikilize ukumbi, msikilize yeye. Mimi siku ile nilikuwa na taulo na kalamu. Nikatumia kalamu.