Mama Boksi, fundi anayesaka mafuta yanayovuja kwenye mashine za mbao

Saa moja na nusu asubuhi. Kwenye uwanja uliotapakaa maranda, mwanamke mwenye ovaroli la kijivu amepiga magoti kando ya mashine ya kupasulia magogo, ile inayovutwa nyuma ya gari mpaka miti ilipo. Anaipangusa kipande kwa kipande, polepole, kama anayeogesha mtoto.

Mwenye mashine hatulii. "Fundi, tumekuita kutengeneza, si kuosha."

"Mzee wangu, mashine yote imelowa. Nitajuaje machozi yanatoka jicho lipi?"

Mzee anacheka bila kupenda. Kwa wiki tatu sasa, mikono ya chuma inayoinua magogo inashuka yenyewe, na ndoo nzima ya mafuta inaishia ardhini kila baada ya siku mbili. Fundi wa kwanza alibadilisha mpira unaopitisha mafuta. Wa pili akabadilisha uleule. Wapasuaji wanne wamekaa tu juu ya magogo, na mbao zinazosubiriwa ni za kuezekea madarasa mawili. Seremala wa shule ameshapiga simu mara mbili asubuhi hii.

Fundi huyu wa miaka arobaini na moja anajulikana kama Mama Boksi. Jina limetokana na kipande cha boksi alichokifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu. Mashine ikiwa inanguruma, anakipitisha kando ya mipira. Pale kinapolowa, ndipo panapovuja.

Sasa mashine imekauka. Anainyunyizia poda ili patakapolowa paonekane, anawasogeza watu nyuma na kuagiza injini iwashwe. Mikono inapanda mpaka mwisho, presha inajaa. Kwenye kona moja ya mpira kunatokea ukungu mwembamba, kama mvuke wa chai.

"Si hapa hapa?" Mzee anasema, akinyoosha kidole.

Fimbo inamshukia kwenye mkono kabla hajafika. "Toa mkono! Zimeni!"

Injini inazimwa. Mama Boksi anashusha mikono ya mashine, anachezesha wenzo mpaka presha yote iishe, kisha anavua glavu ya kushoto. Kidole chake cha shahada kimeishia kwenye kiungo cha kwanza.

"Nisamehe kwa kukupiga, baba," anasema. "Mimi hakuna aliyenipiga."

Ilikuwa miaka tisa iliyopita, anasimulia. Alipapasa mpira kutafuta tundu. "Niliona kama nimechomwa sindano. Hata damu haikutoka. Nikamaliza kazi, nikaenda nyumbani, nikapika." Asubuhi mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Daktari alimweleza kwamba mafuta yalitoboa ngozi kwa nguvu ya presha na kusambaa ndani. Alipasuliwa mara tatu, na kidole kikakatwa ili mkono upone.

Kwa miezi minane hakushika spana. Nyumba ilisimama kwa cherehani ya mumewe, fundi nguo. "Aliniuliza jambo moja tu: unataka kurudi? Nikamwambia nataka. Kesho yake nikakuta ameniandalia glavu, ya kushoto ina kidole kimoja kifupi."

Injini ikiwa imezimwa, anaufuata mpira kwa macho. Ni mpya kabisa, lakini kwenye kona unagusa ukingo mkali wa fremu. Kibano kilichopaswa kuushikilia hakipo. Yamebaki matundu mawili ya bolti. Kila mikono inapopanda, mpira unaruka na kujisugua pale pale.

"Walibadilisha aliyeng'atwa," anamwambia mzee, "anayeng'ata wakamwacha."

Anapiga tupa ukingo mpaka ulainike na kufunga kibano kipya. Kisha anapanda pikipiki kwenda mjini kutafuta mpira mwingine, kwa sababu vichwa vya chuma vya mpira hubanwa kwa mashine maalumu, na iliyo karibu iko mwendo wa saa moja na nusu. Anarudi baada ya saa nne, vumbi mpaka kwenye kope, na mpira mrefu kidogo kuliko wa kwanza ili ukunjike bila kuvutwa.

Anaufunga, na gogo la kwanza linainuliwa. Mama Boksi anachora mstari wa chaki kwenye chuma kinachoingia na kutoka kwenye silinda ya kuinulia mikono, na kukaa chini aone kama utasogea. Dakika thelathini. Mzee anatazama saa kila mara, utadhani anasubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Mstari haujasogea hata unywele.

"Pigia simu seremala wako," fundi anasema, na msumeno unaanza kulia.

Zile saa nne za safari ya mjini ndizo anazotaka kuzifuta. Mashine yake mwenyewe ya kubania mipira inafika mwezi ujao, nayo itakaa kwenye duka la mumewe. Amepanga pia kila mteja anayekuja kuchukua mpira afundishwe kwanza jinsi ya kuondoa presha.

"Mume wangu ameshasogeza cherehani dirishani, kaniachia ukuta mzima," anasema akikusanya spana zake. "Juzi mtu kaja kupunguziwa suruali, akauliza huo ukuta mtupu ni wa nini. Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu akamjibu: 'Hapo anahamia bosi.'"