Mama Vitufe na boksi lisilolia

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mlango wa chuma umeinuliwa nusu tu. Ndani, kwenye meza iliyotandikwa taulo la zamani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anafungua pedi ya kuchezea gemu kwa bisibisi nyembamba kama njiti ya kiberiti. Anatoa skrubu nne, anazipanga kwenye kifuniko cha chupa, kisha anainusa ile pedi.

“Soda,” anasema. “Ya machungwa. Na mwenyewe aliniapia kuwa ni maji.”

Anasugua chini ya kila kitufe kwa pamba na spiriti, anaifunga, anaisogeza sikioni, anafumba macho na kubonyeza kimoja kimoja. Kitufe kizima kina mlio mmoja, mkavu. Kibovu kina miwili, na wa pili huja umechelewa.

Wateja wanamwita Mama Vitufe. Chumba chake cha gemu kina mashine nne, runinga nne na viti vya plastiki kumi na kimoja. Wiki nzuri hutengeneza pedi kumi na mbili za watu wa nje, na hizo ndizo zinazolipa pango. Bei ya gemu moja mpya ni mapato yake ya siku kumi na tisa, kabla hajalipa umeme.

Leo anasubiri mgeni. Wakala wa gemu anakuja kuchukua majina ya wanaotaka kulipia gemu ya shujaa mpya ambayo haijatoka. Itatoka baada ya miezi minne, wanasema. Mama Vitufe hurudia neno hilo, “wanasema,” kama mtu anayetema mbegu.

Si kwamba haitaki. Anaitaka kuliko mtu yeyote chumbani humu.

Kionjo cha gemu hiyo, video ya dakika tatu, kimechezwa kwenye runinga ya mwisho mpaka shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe anayekaa mlangoni kupokea hela, amekikariri na sauti za mlipuko. Shujaa mwenyewe ni mwanamke mtu mzima. Ana mvi, ana tumbo kidogo, anavaa joho la kijivu na anapaa juu ya mji ameshika kiuno. Jina alilopewa na kampuni hakuna anayelikumbuka. Hapa anaitwa Bibi Joho.

“Miaka kumi na minne nacheza gemu,” anasema Mama Vitufe. “Nimekuwa mvulana mwenye misuli, nimekuwa roboti, nimekuwa hata mbwa. Mama mwenye mgongo unaouma sijawahi kuwa. Yaani nilipomuona nilisimama.”

Halafu anapunguza sauti. “Ndiyo maana nawashuku. Atakayelipa kabla ndiye atakayecheza kama Bibi Joho tangu siku ya kwanza. Asiyelipa atapewa mpwa wake, kijana mwenye misuli. Hawa wameniona wapi mpaka wakanijulia udhaifu wangu?”

Swali hilo si la kuchekwa. Fundi muashi hulipwa ukuta ukisimama. Mshonaji hulipwa shati likivalika. Kampuni ya gemu pekee ndiyo inayotaka hela kabla haijamaliza kuchora, na ikichelewa inaomba radhi kwa video nyingine.

Mama Vitufe alishona kola za mashati kiwandani kwa miaka kumi na mmoja. Siku kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa watapewa haki zao baada ya wiki mbili. Meneja alilitamka hilo amesimama juu ya kreti, mikono kifuani. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo.

Alinunua mashine mbovu ya gemu kwa mtu aliyekuwa anahama, akaifungua kwa kisu cha jikoni, akajifundisha. “Nilikuwa nimezoea vitu vidogo,” anasema. “Kola ina pembe mbili. Ukikosea moja, mtu mzima mzima anaonekana amepinda.”

Kutoka kiwandani alibeba pia tabia ya kukumbuka aliyesema nini. Ukuta wa nyuma wa chumba umebandikwa mabango sita ya gemu, yote yamegeuzwa, picha zinatazama ukuta. Kila kionjo kinapotoka, husimamisha video kila baada ya sekunde chache na kuandika nyuma ya bango, kwa kalamu nzito, kilichoahidiwa. Gemu ikifika, wachezaji wanapiga kura kama ahadi imetimia, kisha anaweka alama ya vema au mkato. Ahadi ziko arobaini na moja. Vema ni kumi na saba.

“Kumi na sita,” anasahihisha Zege, fundi muashi aliyepita kabla ya kwenda kazini, viatu vyake vikiwa bado vyeupe kwa saruji ya jana. “Ile ya mvua sikuikubali. Walisema mvua italowesha nguo. Ile ilikuwa inapita pembeni.”

“Kura ilipigwa, Zege.”

“Kura ilipigwa nikiwa msalani.”

Bango la tatu lina mikato tisa mfululizo. Ni la miaka mitatu iliyopita, gemu ya mashujaa watano. Mama Vitufe aliilipia miezi mitano kabla, akatangaza, na Zege akawaleta mafundi wenzake wote. Boksi likafunguliwa mbele ya watu ishirini na sita. Ndani hamkuwa na diski. Mlikuwa na karatasi yenye namba ndefu ya kuingiza kwenye mashine ili gemu ishuke kwa mtandao.

Ilishuka siku nne. Siku ya nne ikaandika kwamba mashine hiyo ni ya zamani.

“Mimi fundi, nilisahau kuuliza swali la fundi,” anasema. “Nilitazama picha ya juu ya boksi. Sikulitikisa.”

Kwa mtu mwenye chumba cha gemu, diski na karatasi ni mbingu na ardhi. Diski huhamishwa: asubuhi mashine ya kwanza, jioni ya nne. Namba ya karatasi ikishaingia mashine moja haitoki.

Safari hii kuna kitu kizito zaidi. Wateja tisa wamemwambia neno moja: wewe ukilipa, na mimi nalipa. Akitia jina lake, ametia na yao.

Saa nne wakala anaingia na fulana ya njano, mkoba wa bluu na sanamu ya kadibodi ya Bibi Joho yenye urefu wa mtu. Shemeji anamkaribisha kiti, na Zege, ambaye alikuwa anakwenda kazini tangu saa mbili, anavuta kiti chake karibu.

“Mama yangu, hongera kwa chumba kizuri,” anasema wakala. “Majina kumi tu, sanamu hii inabaki hapa hapa. Na mtu wa kwanza kwenye orodha ndiye anayepewa heshima ya kuzindua.”

“Tulishaonana,” anasema Mama Vitufe.

“Sidhani, mama.”

“Miaka mitatu iliyopita. Fulana ilikuwa nyekundu. Mkoba ni huo huo, na zipu bado haifungi.”

Wakala anaufunika mkoba kwa kiwiko. Zege anakohoa kicheko.

Mama Vitufe anaomba kuona boksi. Wakala anatoa la maonyesho, limefungwa kwa nailoni inayong’aa. Mama Vitufe analishika kwa vidole vitano kama anavyoshika pedi, analisogeza sikioni na kulitikisa. Halilii.

“Hilo ni la maonyesho tu, mama.”

“Najua. Litakalokuja litalia?”

“Litakuwa na kila kitu.”

“Sijauliza kila kitu. Nimeuliza diski.”

“Mama, siku hizi dunia imekwenda mbali, mambo ya diski…”

“Imekwenda mbali na mashine zangu zimebaki hapa hapa. Je, Bibi Joho atakuwa kwenye diski au kwenye karatasi?”

Wakala anatazama sanamu kana kwamba itamsaidia. Mama Vitufe analichukua bango jipya alilokuja nalo wakala, analigeuza, anafungua kalamu na kuandika: diski ndani, Bibi yuko kwenye diski, mashine zetu zinaikubali. Anamsogezea.

“Weka jina lako chini.”

“Kampuni hairuhusu kuandika kwenye bango.”

“Ninayeandika ni mimi. Wewe unatia jina tu, kama unavyotaka mimi nitie.”

Wakala anatoka nje kupiga simu. Kupitia mlango anaonekana akitikisa kichwa, akikubali, akitikisa tena. Anarudi na tabasamu lililopigwa pasi.

“Bosi anasema kuna uwezekano mkubwa.”

Mama Vitufe anainama, anaandika neno kwa neno: uwezekano mkubwa. Anaweka tarehe.

“Asante, mwanangu,” anasema. “Jina langu leo hupati.”

Wakala hakasiriki. Watu wa aina yake hawakasiriki, kwa sababu kuna mlango mwingine mbele. Anambeba Bibi Joho kwapani, anavuka barabara na kumsimamisha kwenye chumba cha gemu cha ng’ambo. Kuanzia hapo shujaa mwenye mvi anamtazama Mama Vitufe kupitia mlango wake mwenyewe, ameshika kiuno.

“Umetukosesha, mama,” anasema Zege. Sauti yake haina utani sasa. “Kila kitu kwako ni mashaka. Wenzako watakuwa wanapaa, sisi tutakuwa tunahesabu vema ukutani.”

“Miaka mitatu iliyopita uliniambia nini mbele ya mafundi wenzako?”

“Nilikuwa na hasira.”

“Uliniambia nimekuuzia karatasi. Nililala na neno hilo, Zege. Sitakuuzia ya pili.”

Zege anaondoka bila kuaga. Nusu saa baadaye anarudi kutoka ng’ambo, mkononi ana risiti, na anaiweka mezani kama mtu anayeweka pedi iliyomwagikiwa soda. Kati ya wateja tisa, yeye na mwingine mmoja wamelipa kule. Saba wamebaki, na hapana shaka wanamsema.

Mama Vitufe anavaa miwani, anaisoma risiti mbele na nyuma. Nyuma, kwa herufi ndogo kama chawa, pameandikwa kwamba yaliyomo ndani ya boksi yanaweza kutofautiana na yaliyotangazwa. Anamsomea. Anamsomea tena, polepole.

Zege anavua kofia, anaivaa. “Sasa?”

“Sasa kaa nayo vizuri, usiipoteze. Siku boksi likifika usilifungue kule. Lilete hapa, ulitikise mbele ya watu. Likilia, mimi wa kwanza kukuomba zamu.”

“Na lisipolia utanicheka.”

“Lisipolia tutakwenda ofisini kwa kampuni, ninyi wote tisa na mimi wa kumi, na bango mkononi. Safari ile ya karatasi nilikwenda peke yangu, wakaniambia mama nenda nyumbani.”

Huo ndio mpango wake. Atasubiri siku kumi na tisa baada ya gemu kutoka, aone wanaoiuza mkono wa pili, kwa sababu asiyeipenda huiuza haraka. Ataangalia ndani, ataijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, ndipo atoe hela. Anajua kwa njia hiyo huenda akapewa mpwa mwenye misuli, na Bibi Joho akabaki kwa waliolipa kabla. Hilo linamuuma, na hafichi.

Shemeji anafichua lingine. “Muulize kuhusu droo.”

Mama Vitufe anamkata jicho, kisha anafungua droo. Ndani ya kitambaa cha kola ambacho hakikuwahi kuwa shati kuna pedi aliyoiunda kutoka kwa pedi tatu zilizokufa, akaipaka rangi ya kijivu. Hakuna mteja aliyewahi kuigusa.

Anawasha kionjo kwenye runinga ya mwisho. Pedi ya kijivu haijaunganishwa na kitu chochote. Bibi Joho anapokunja magoti juu ya paa la jengo, dole gumba la kushoto la Mama Vitufe linasukuma mbele, la kulia linabonyeza na kushikilia.

“Hapa ndipo anapaa,” anasema, macho kwenye runinga. “Nataka niwe mimi ninayempaisha. Lakini kwanza nimsikie ndani ya boksi.”