Upelelezi Wangu wa Ihanda

Nichekeni tu, hata mimi sasa nacheka, ila siku ile kule Ihanda nilitamani ardhi ipasuke nizame na kitenge changu kipya.

Tulikwenda kumposea mdogo wangu Gabrieli binti anayeitwa Neema. Msemaji alikuwa baba mdogo, mimi dada mtu nilikuwa msindikizaji tu (na hilo ndilo lililonishinda). Gabrieli alimpenda yule binti hadi chakula hakipiti, na nilipokuwa napanda gari akaniomba, "Dada, leo mdomo wako upumzike."

Tukawahi kufika. Baba mdogo akabaki barabarani anafuta vumbi kwenye viatu, mimi macho yakaanza kazi: katikati ya mibuni na migomba kuna nyumba kubwa ya bati, pembeni nyingine ndogo, nyingine tena, na nyuma kajumba kanatoa moshi. Sasa mimi mtoto wa Tunduma, kwetu nyumba moja ina milango mingi, kila mlango na familia yake, bomba moja, choo kimoja, na ukitaka habari za mlango wa kwanza unauliza wa pili, utaambiwa hadi walichokula jana. Nikajua hawa ni majirani waliopata nafasi ya kujitanua. Ngoja niulize.

Kwenye moshi nikamkuta mama anachambua maharage. Akanipa kigoda, nikapokea ungo nimsaidie, nikaanza, "Mama, eti hao wa nyumba kubwa ni watu gani?"

"Watu gani kivipi, mwanangu?"

Nikaona huyu anahitaji kuchokozwa, nikamwambia tumesikia mzee ni mkali, mkewe mchoyo hata wa chumvi (haki ya Mungu sikusikia popote, nilitunga palepale), na huyo binti je, kupika anajua au anajua kujipodoa tu?

"Mwe!" akasema, anatabasamu. "Endelea, mwanangu."

Nami nikaendelea!

Mara sauti ya mwanamume ikaita kutoka nyumba kubwa, "Mama Neema! Toka huko jikoni, wageni wamefika!"

Yule mama akainuka, akajifuta mikono. Ungo ukaniponyoka, maharage yakatapakaa sakafuni. Kumbe nyumba zote zile ni kaya moja.

Sebuleni baba mdogo alikuwa ndiyo anasafisha koo, mama Neema akamsimamisha. "Huyu dada yenu anapenda kuuliza majirani. Ngoja nimtambulishe kwao." Akanishika mkono, akanizungusha, ukoo mzima nyuma yetu: hii nyumba ya bibi, hii ya baba mkubwa, hii ya vijana, hili ghala la mahindi. Tukaishia bandani. "Na hawa mbuzi ni wa hapahapa. Waulize."

Watu wakaangua kicheko, baba mdogo akatazama chini. Mimi nilimfikiria Gabrieli, kakaa Tunduma anaikodolea simu, machozi yakanitoka. Nikapiga magoti mbele ya mbuzi. "Mama, kosa ni langu. Mdogo wangu hajasema kitu."

Mama Neema akaniinua. "Binti tutatoa," akasema. "Ila siku ya harusi wewe usishike kipaza sauti."

Siku ikafika, mshereheshaji asiyejua lolote akamwita dada wa bwana harusi asalimie, na upande wote wa Ihanda ukapaza sauti, "Hapanaaa!" Neema mwenyewe ndiye aliyeanza.

Basi siku hizi nikienda kijijini kwa watu nauliza swali moja tu, hapa ni kwa nani, na nikishajibiwa nanyamaza.