Niliuza vyombo uwanjani kwangu Zinga, majirani wakaja msibani

Wakuu, habari za muda huu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, wala sikuhadithiwa.

Naishi Zinga. Mke wangu Mwanahawa aliugua kansa, akanikataza kumwambia jirani yeyote. "Sitaki wanililie huku nawasikia."

Hela ya matibabu ikakata. Nikakumbuka wenzetu wa nje hufanya garage sale, wanauza vitu vyao vya ndani hapo hapo nyumbani. Mimi garage sina, gari lenyewe sina, ila uwanja ninao na digrii ninayo.

Asubuhi nikatoa kitanda chetu cha mninga, godoro nikaliegemeza ukutani, kabati, masufuria. Jua la huku mnalijua, nikakodi turubai na viti vya plastiki ili wateja wakae kivulini.

Customer care, wakuu.

Mmeshaelewa? Mimi bado nilikuwa sijaelewa.

Wanaume wakaanza kuingia kimya kimya, wananipa mkono.

"Pole sana, kaka. Tunazika adhuhuri au alasiri?"

Kabla sijajibu, jirani yetu Bi Zena akaingia, khanga kichwani, analia: "Mwanahawa shoga yangu, umeniacha na nani!"

Dirishani ikatoka sauti nyembamba:

"Zena, nipo. Acha makelele, chagua sufuria."

Wanaume wakageukia masufuria.

Kwa aibu, hakuna aliyeomba kupunguziwa bei. Bi Zena alichukua kitanda. Mpaka adhuhuri lilibaki godoro tu; hakuna aliyetaka kuligusa. Kibiashara, wakuu, nilifanikiwa.

Jioni Mwanahawa akaniambia, "Nilikukataza kusema. Kweli hukusema. Umekodi turubai."

Tulikwenda Dar. Dawa hazikusaidia. Alifia nyumbani, kwenye godoro lile lile, chini sakafuni.

Turubai lilipofungwa tena, Bi Zena alikuja na mkokoteni, kitanda kiko juu.

"Shemeji, mwenzangu halali chini mbele ya watu."

Akalia kwa sauti, kama siku ile. Nikajikuta natazama dirishani, nasubiri aambiwe anyamaze.

Somo: ukiuza vitu vya ndani, turubai usikodi. Bora wateja waungue jua.

Kitanda Bi Zena amekataa kukichukua. Kipo chumbani, mimi bado nalala kwenye godoro. Wenye la kusema karibuni, hata kejeli leteni. Ila msije PM kuniuliza bei.