Sungura Wangu Alipohasiwa

Sungura yule nilimnunua awe kitoweo, nisikufiche. Nilimtoa sokoni Ifakara ndani ya kapu, na njia nzima kichwani mwangu nilikuwa nakatakata vitunguu. Kufika nyumbani, Viwanja Sitini, akanilamba kidole. Mchuzi ukaishia hapo. Siku hiyo tulikula perege.

Sasa dume likikomaa lina mambo yake. Akaanza kukojolea kila kitu, hata viatu vyangu vya kanisani, na kuwapanda kuku. Ndiyo, kuku! Jogoo alivumilia siku mbili, ya tatu akahamia kwa jirani. Nikamwita daktari wa mifugo, binti mdogo lakini kazi anaijua. Akaniamkia vizuri, akamchoma sungura sindano ya usingizi, akamhasi na kushona kabla hata sijamaliza kumwuliza kwao ni wapi.

"Babu," akaniambia akifunga mkoba, "tumbo la sungura halitakiwi kusimama. Asipokula, asipopata choo mpaka kesho asubuhi, tutampoteza. Na kidonda kiwe safi."

Basi nikaenda mbio kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikajaza nusu gunia la pumba mpya, nikamtandikia mgonjwa godoro nene. Nikamwekea na matembele mororo. Alipoamka akajikunja, macho nusu, akisaga meno. Matembele hakuyanusa. Kazi yake ikawa kujilamba pale paliposhonwa, analamba, anashtuka, analamba tena. Nikachuchumaa mbele yake.

Jirani yangu Msukuma, yule mwenye ng'ombe, akapita akanikuta hivyo.

"Mzee, mbona umekaa kama uko msibani?"

"Nauguza."

"Unauguza sungura! Mimi nimehasi madume tangu utoto wangu. Dume likifunguliwa linakwenda zake kula majani. Sijalishika mkono hata moja."

"Ndiyo maana ng'ombe wako hawakusalimii."

Akacheka mpaka akashika uzio. Lakini nisimseme vibaya, madume yake ni mazuri. Mwaka mmoja aliniazima tukalima shamba langu la Mchombe, tukamaliza jua halijawa kali, na moja likala kofia yangu. Haya, hayo ni mengine.

Mchana ukapita, matembele yakanyauka. Nikabadilisha, nayo yakanyauka. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele, ananitazama kwa pembeni.

"Baba, nilipojifungua kifungua mimba wetu, wewe ulikuwa wapi?"

"Mofu."

"Ukifanya nini?"

"Si nilikuwa navua."

"Ukarudi lini?"

Nikamtazama sungura kwa makini sana.

Jua lilipoanza kupungua, moyo wangu nao ukapungua. Nikamwambia mke wangu, bila utani sasa, "Mama, huyu anakufa." Akaweka ungo chini, akaja. Hakumgusa sungura. Alichukua mkono wangu akaukandamiza kwenye lile godoro langu.

"Unasikia nini?"

"Pumba zinachoma."

"Na wewe huna hata kidonda."

Maisha yangu yote kuku nimewalaza kwenye pumba, hakuna aliyelalamika, ila hakuna aliyekuwa na nyuzi. Tukamgeuza. Vipande vilikuwa vimenasa pale penyewe, na maskini alikuwa anahangaika kuving'oa kwa ulimi, kula angekula saa ngapi? Mke wangu akachemsha maji, akayaacha yapoe, akavitoa kimoja kimoja kwa kitambaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika masikio na kuambiwa nisitetemeke. Kisha akakunja khanga yake kuukuu mara mbili, tukamlaza.

Sungura akaacha kujilamba. Halafu akavuta jani moja la tembele, akalitafuna polepole kama bibi asiye na meno. Nikataka kupiga makofi, nikazuiwa.

Lakini kula ni nusu ya kazi. Asubuhi kabla sijanawa uso nilikuwa nimepiga magoti, nimeingiza kichwa bandani. Punje ziko pale juu ya khanga! Nyeusi, duara, kavu, nzuri. Nikazichota kiganjani nikakimbilia jikoni.

"Mama, tazama!"

"Toa mavi jikoni kwangu!" Ila alitazama kwanza, nilimwona.

Jirani akawa anapitisha ng'ombe wake. Akasimama uzioni, leo hakucheka.

"Mzee, mgonjwa ameamkaje?"

"Amekunya."

"Mungu mkubwa." Akaegesha fimbo yake. "Ngoja basi nije nimwone."

"Umenawa mikono?" nikamwuliza.